NullableConverter ya .NET: mapengo inayaweza, tarehe itakuponza

Programu nyingi za vyama vya wakulima wa zabibu hapa Dodoma huanza na faili la CSV lililonakiliwa kutoka daftari la mizani. Safu ya kilo huwa na namba, sifuri na mapengo. Sifuri ni mzigo uliokataliwa. Pengo ni mzigo ambao bado haujapimwa. Ndiyo maana safu hiyo husomwa kama `decimal?` (namba ya desimali inayokubali pia `null`, yaani "hakuna thamani"), si `decimal`.

Ili kugeuza stringi (maandishi) ya seli kuwa aina hiyo, wengi hukimbilia `Convert.ChangeType`. Ukiipa `typeof(decimal?)` inagoma palepale na kutoa InvalidCastException, hata stringi ikiwa "12.5" safi. Itabidi uivue aina hiyo kwanza kwa `Nullable.GetUnderlyingType`, halafu mapengo uyashughulikie mwenyewe.

NullableConverter, kigeuzi cha .NET cha aina zinazokubali `null`, unayoipata kwa `TypeDescriptor.GetConverter(typeof(decimal?))`, haina usumbufu huo. Stringi tupu inarudi `null`, basi. Ina pia sifa nyingine isiyosemwa sana: ukiita `ConvertFromInvariantString`, inayosoma kwa kanuni zisizofuata lugha ya kompyuta (InvariantCulture), "12,5" inakataliwa waziwazi. `decimal.TryParse` ya kawaida, kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, huichukulia koma hiyo kuwa ya maelfu na kukupa 125 kimyakimya. Mkulima wa Hombolo analipwa mara kumi, na huyo hatakuja kulalamika.

Kwenye tarehe ndiko inakoharibu, kwa sababu kanuni hizo hutanguliza mwezi. "03/04/2024" inaisoma Machi 4, ilhali karani aliandika tatu Aprili. "25/04/2024" inaikataa, angalau hiyo utaiona. Mbaya kuliko zote ni nafasi moja iliyosahaulika ndani ya seli: kwa NullableConverter hiyo si stringi tupu, kwa hiyo inaipitisha kwa DateTimeConverter, kigeuzi cha tarehe, nayo inaikata nafasi na kurudisha 01/01/0001 badala ya `null`. Aina ya `datetime` katika SQL Server huanzia mwaka 1753, hivyo kosa litaibuka wakati wa kuhifadhi, mbali kabisa na lilikoanzia.

Kwa namba naipa nyota nne kati ya tano, mradi upitishe `Trim()` (inayokata nafasi za mwanzo na mwisho) kabla. Kwa tarehe, moja. Huko tumia `DateTime.TryParseExact` yenye "dd/MM/yyyy" na InvariantCulture. Ikirudisha `false` na stringi haikuwa tupu, usijaze `null`: andika namba ya mstari, karani akaangalie daftari.