Walitaka tuifute ritifaa ya Ng'ombeni

Nilisema nipoe kwanza ndipo niandike juu ya kampuni inayotupitishia oda za kompyuta, lakini wapi. Kila nikiona lori letu kwenye foleni ya feri pale Likoni, moto unaniwaka upya.

Mimi ni mtu wa oda katika godauni la vyakula Shimanzi: unga, sukari, mafuta, samli. Mteja wetu mkubwa ni supamaketi yenye matawi Mtwapa, Nyali, Changamwe, hadi kule kusini Ng'ombeni. Zamani oda zao zilikuja kwa barua pepe, nami nikizipiga upya kwenye kompyuta mstari kwa mstari mpaka macho yaume. Halafu tajiri wetu akatuunganisha na kampuni ya kuunganisha mifumo. Supamaketi wanatumia SAP, programu ya kuendeshea biashara, inayotoa oda katika hati iitwayo IDoc. Programu yetu inasoma EDIFACT, ule muundo wa Umoja wa Mataifa wa kutumiana hati za biashara kwa kompyuta. Kampuni inakaa katikati, inageuza hii iwe ile, na inalipwa kila mwezi. Jina lao silitaji.

Nianze na haki yao. Miezi ya mwanzo mimi ndiye niliyekuwa nikiwasifu. Nyali wakituma oda asubuhi, kabla chai haijapoa nimeshaiona, haina kosa la tarakimu hata moja. Nilikuwa narudi nyumbani mapema. Niliwaambia na wenzangu wa godauni la jirani nao wajiunge.

Ramadhani ikaingia. Siku moja mzee anayesimamia tawi la Ng'ombeni akanipigia. Kwa kawaida yake hunijulia hali, na watoto, na mama yangu, maana mama ni wa kule kule. Siku ile hakuuliza lolote. "Mwanangu, unga wenu uko wapi? Au sisi wa ng'ambo si watu?"

Nikatazama. Hakuna oda. Akaniambia ametuma mara tatu. Nikafungua dashibodi ya kampuni, ukurasa wao wa kufuatilia oda, na kweli zote tatu zipo, zina alama ya kijani: imetumwa. Kwake zimetoka, kwao ni kijani, kwangu hakuna kitu. Na rafu zake za unga ni mbao tupu, wiki ambayo kila nyumba inasukuma chapati na kukunja sambusa. Nilimwandikia oda kwa mkono, nikambembeleza dereva avuke jioni ile ile. Lori likakwama feri, likafika watu wameshafuturu.

Ile kijani ndiyo inayoniudhi mpaka leo. Kwenye SAP, hati inayotoka ikiandikwa 03 maana yake imekabidhiwa mlango wa kutokea, basi. Haisemi kwamba kuna aliyeipokea, sembuse aliyeisoma. Sisi wa Mombasa tunajua kwamba kontena kuteremshwa Kilindini si mzigo kufika dukani. Hawa walichukua hiyo habari ya mlangoni wakaipaka kijani, wakatuonyesha kana kwamba kazi imekwisha.

Kilichonifumbua macho ni samli. Siku chache baadaye oda ya Nyali nayo ikapotea, Nyali ambao hawajawahi kupotea. Nikamwomba mwenzao wa ofisi anisomee alichoagiza. Ndani yake, kwa mara ya kwanza, palikuwa na samli ya ng'ombe. Moyo ukanipiga. Nikamwita kijana wetu wa kompyuta anitolee zile hati kama zilivyofika, bila kupambwa.

Hati ya EDIFACT ni mfululizo wa vipande, na kila kipande hufungwa kwa ritifaa, kile kialama cha juu. Sasa soma mwenyewe: Ng'ombeni. Programu yetu ilifika kwenye Ng, ikaona ritifaa, ikadhani kipande cha anwani kimekwisha. Ikaanza kipande kipya kiitwacho "ombeni", ambacho hakimo katika kanuni yoyote duniani. Mwishoni mwa oda kuna kipande cha UNT kinachotaja idadi ya vipande vyote. Kilisema 31, programu ikahesabu 32. Ikaikataa oda nzima, na ilikuwa na haki ya kuikataa. Tena iliwarudishia kampuni CONTRL, yaani hati ya kuwaambia kwamba oda yao imekataliwa na imekataliwa wapi. Kila mara iliwarudishia. Mkataba unasema makosa watayafuatilia wao. Zililundikana kwao, hakuna aliyezifungua.

Nikawapigia simu nimeshika karatasi mkononi, nikidhani watafurahi nimewatafutia kosa. Kijana wa huduma kwa wateja akanisikiliza nusu, akanikata: "Madamu, tatizo ni jina lenu. Andikeni Ngombeni bila hiyo alama. Ni kidoti tu, nani atajali?"

Wallahi nilinyamaza kwanza, sikujua nimjibu nini. Nani atajali? Kila aliyekwenda madrasa na shule huku pwani anajua ng' na ng ni sauti mbili. Kung'oa ni kitendo, ngoa ni wivu. Ng'ombeni ni mahali mama yangu alipozaliwa, pana jina lake na pana watu wake. Leo tupaandike vibaya kwenye kila ankara na kila hati ya mzigo, kwa sababu wewe hukumaliza kazi uliyolipwa? Na wateja waitwao Ng'ang'a au Nyong'o tuwaite nani?

Ninalowalaumu zaidi ni kwamba dawa ipo na ni ya zamani. Kanuni za uandishi wa EDIFACT zilikubaliwa kuwa ISO 9735 tangu 1987, na waliozitunga walijua kuna majina yenye ritifaa. Wakaweka alama ya kuuliza iitangulie: Ng?'ombeni. Programu ikiona hivyo inajua ritifaa hii ni ya jina, haifungi kitu. Wala hutafuti mbali. Hati nyingi huanza na UNA, kisha alama sita zinazotaja nini kinatumika kwa kazi gani, na alama ya kuuliza ni mojawapo. Imo kwenye mstari wa kwanza wa hati zao wenyewe! Waliiandika, hawakuitumia.

Tajiri alipowapigia yeye, walimtuma dada mmoja, fundi wao. Na hapa lazima niseme kweli. Alikaa kwenye meza yangu, akaisoma karatasi yangu yote, akasema, "Dada, kosa ni letu, na uliona sawa." Saa moja haikwisha, ameshalirekebisha. Akajaribu Ng'ombeni, akajaribu samli, akajaribu na majina ya watu. Oda ikaingia, jibu letu likarudi kwenye SAP ya supamaketi, likasimama kwenye 53, yaani limepokelewa na kuingizwa. Tangu siku ile haijapotea hata moja. Jioni ile nilikuwa tayari kuwapa nyota nne na kuyaacha yaliyopita.

Anayefikiria kujiunga na huduma za namna hii, kabla hujatia sahihi watumie oda yenye neno ng'ombe. Halafu waulize CONTRL zikirudi anazisoma nani, wakutajie mtu.

Lakini nyota nne, hapana. Mzee wa Ng'ombeni bado ananipigia kila akituma oda: "Mwanangu, imefika?" Haiamini tena ile kijani, naye alikuwa akiamini. Niliwaandikia kampuni nikawaomba wampe neno moja la samahani, la simu tu, si pesa. Wakanijibu kwamba mteja wao ni godauni, yeye hawamjui. Hawamjui, na ni oda yake waliyoikata katikati mara tatu mwezi wa Ramadhani! Naandika haya mkono unatetemeka. Nyota moja, na hiyo naitoa kwa ajili ya yule dada.