Presha ya boila kushuka: pampu ya miguu ya pauni 14 imeishinda dawa ya kuziba

Nimetumia vitu viwili kwenye boila ya kombi (mtambo wa gesi unaopasha joto nyumba na maji ya bomba) hapa Uingereza, presha yake ilipokuwa ikishuka: dawa ya kuziba uvujaji, chupa ya nusu lita inayomiminwa kwenye mfumo, na pampu ya miguu ya kujaza upepo tairi. Pampu naipa nyota tano. Dawa nyota mbili, ingawa kosa si lake: ilipelekwa kuziba tundu ambalo halikuwepo.

Kabla hujanunua chochote, soma geji mara mbili, mfumo ukiwa baridi na ukiwa moto. Yangu ilikuwa bar 1.3 (bar ni kipimo cha presha) baridi, ikipanda hadi 3 radieta (mabamba ya kupashia vyumba joto) zikiwaka, na asubuhi 0.4, boila imegoma. Bomba linalovuja halifanyi hivyo. Maji yakitoka nyuzi 10 hadi 80 huongezeka kwa karibu asilimia 3, kwa hiyo nyumba yenye lita 100 kwenye mabomba na radieta ina lita 3 hivi zinazotafuta pa kwenda. Zinapokelewa na tangi la upanuzi, kopo la bati ndani ya boila, mara nyingi la lita 8, lililogawanywa kwa kiwambo cha mpira: huku maji, huku upepo. Upepo ukiisha, presha inapaa mpaka bar 3, valvu ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje kwa bomba la shaba la milimita 15 linalochomoza ukutani. Mfumo ukipoa, yaliyomwagika ndiyo hayo, hayarudi. Funga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa bomba hilo usiku kucha, lakini uwe umelegea ili maji yapite. Ukikuta maji asubuhi, acha kupapasa zulia ukitafuta uvujaji.

Lakini kagua kwanza mpira wa kujazia maji ulio chini ya boila. Koki yake ikipitisha maji kidogo kidogo, geji hupanda hata boila ikiwa imezimwa, na utadhani tangi ndilo bovu. Ukimaliza kujaza, funga koki zote mbili na uuchomoe. Kanuni za maji za huku ndivyo zinavyotaka.

Kazi yenyewe ni kama saa moja. Zima boila, iache ipoe, funga koki za bomba la kwenda kwenye radieta na la kurudi (robo mzunguko kwa bisibisi bapa), kisha fungua koki ya kutolea maji ya boila mpaka geji isome sifuri. Iache wazi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: ukipima tangi huku upande wa pili kuna maji yenye presha, unapima presha ya maji, si ya upepo. Valvu ya tangi ni sawa na ya tairi ya gari. Ibonyeze kidogo katikati. Yakitoka maji badala ya upepo, kiwambo kimepasuka na pampu haina la kukusaidia. Tangi libadilishwe, au fundi afunge jingine nje kwenye bomba la kurudi. Ukitoka upepo, au kusitoke kitu, pampu. Koki ya kutolea itatema maji machafu kadiri kiwambo kinavyojirudi mahali pake. Simama kwenye kipimo cha kitabu cha boila, kwa kawaida 0.75 hadi 1. Funga koki ya kutolea, fungua zile mbili, jaza maji hadi 1.2, toa hewa kwenye radieta, kisha usome geji tena.

Kasoro ya pampu ni geji yake: inafika bar 7, hivyo alama ya 1 unaikisia tu. Kipimo kidogo cha tairi cha dijitali kinamaliza utata huo. Ukichomoa kichwa cha pampu upepo kidogo hutoroka, kwa hiyo ongeza 0.1 juu.

Angalizo moja zito: kwenye baadhi ya boila, mfuniko wa mbele ndio unaozuia moshi wa gesi usiingie ndani ya nyumba. Kama kitabu kinasema hivyo, usiufungue. Mwite fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi wa huku.

Dawa ya kuziba? Ina mahali pake: geji ikishuka polepole bila kupanda sana wakati wa joto. Zungushia karatasi ya choo kwenye kila valvu ya radieta, tafuta madoa ya kijani kwenye viungo vya shaba. Kama huoni kitu, funga koki za bomba la kwenda na la kurudi usiku, boila ikiwa imezimwa. Geji ikishuka, uvujaji uko ndani ya boila. Ikibaki palepale kisha ikaanguka mara tu unapozifungua asubuhi, uko kwenye mabomba. Dawa huziba jasho la kiungo, haizibi bomba lililotoboka chini ya sakafu.

Na kujaza maji kila wiki si suluhisho. Maji mapya huleta oksijeni, huzimua dawa ya kuzuia kutu iliyo kwenye mfumo, na radieta zinaanza kujaa tope jeusi chini.

Tangu kujaza upepo, geji inasoma 1.2 baridi na 1.7 moto. Bomba la nje liliendelea kudondosha kwa siku kadhaa, kwa sababu valvu ya usalama ikishafunguka mara nyingi hunasa uchafu pale inapojifungia. Fundi aliibadilisha, na mfuko wa plastiki sasa ni mkavu.