Amitraz 12.5% kwa kupe wa masika Tabora: nzuri, ila punda mtoe zizini kwanza

Mvua za Novemba zikishashika Tabora, majani yanapanda na kupe wanapanda nayo. Mpaka Aprili, kupe wa masikio ya kahawia, anayeeneza ndigana kali, ndiye adui namba moja wa ndama. Kwenye maduka ya dawa za mifugo utakuta dawa nyingi za kuogesha, lakini zikichambuliwa zinabaki makundi mawili makubwa: amitrazi na jamii ya sipamethrini. Tathmini hii ni ya amitrazi, ile iliyoandikwa kwenye chupa Amitraz 12.5% EC (EC ni dawa ya maji mazito inayochanganywa na maji kabla ya kupulizia).

Sifa yake kubwa ni namna inavyomng'oa kupe. Haimuui papo hapo. Inamvuruga neva, anaachia mdomo na kudondoka. Hapo ndipo malalamiko mengi ya "dawa feki" yanapoanzia: mfugaji anapulizia asubuhi, saa moja baadaye anaona kupe wanatembeatembea juu ya manyoya, anakasirika na chupa. Subiri hadi kesho yake ndipo uhesabu. Kupe anayetembea ameshaacha kunyonya, na hilo ndilo unalolitaka.

Kipimo ni mililita 2 kwa kila lita ya maji. Bomba la mgongoni la lita 16 linachukua mililita 32, la lita 20 linachukua 40. Pima kwa bomba la sindano, achana na kifuniko cha chupa, kwa sababu vifuniko havilingani. Changanya kwanza dawa na maji kidogo kwenye ndoo, koroga, kisha ongeza maji mengine. Mchanganyiko mzuri unageuka mweupe kama maziwa. Ukiona mafuta yanaelea juu au maji yamebaki angavu, rudisha chupa dukani. Maji yawe safi, ya tope yanaidhoofisha. Na iliyobaki usiiweke ya wiki ijayo: amitrazi ikishakaa kwenye maji inaanza kuvunjika.

Tatizo lenyewe hasa ni ujazo. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 5 au zaidi, alowe mpaka maji yachuruzike tumboni. Maana yake bomba la lita 16 ni la ng'ombe watatu. Mazizi mengi bomba hilo hilo linamaliza ng'ombe kumi: mgongo unang'aa kwa maji, huku ndani ya masikio, chini ya mkia, kinenani, kwenye kiwele na kati ya kwato pakiwa pakavu. Kupe hawakai mgongoni, wako huko huko. Na anayepata tone moja tu la dawa hafi, anazaa wanaoizoea. Anza na masikio, ndani, kisha nenda mkiani, na pulizia kinyume na mlalo wa manyoya.

Hesabu ya fedha iko hivi: kichupa cha mililita 100 kinatoa lita 50, yaani ng'ombe kumi kwa mara moja. Chupa ya lita moja inawatosha ng'ombe hao hao wiki kumi ukiogesha kila baada ya siku 7, na mara nyingi mililita moja kwenye chupa kubwa ni nafuu. Izibe vizuri kila ukitumia, unyevu ukiingia unaiharibu. Kiangazi, kupe wakipungua, siku 14 zinatosha.

Ogesha asubuhi, mifugo ikiwa imeshakunywa maji isije ikalamba dawa kwa kiu. Kama mawingu yameshafunga, ahirisha, kwani mvua ikinyesha kabla manyoya hayajakauka umepoteza dawa. Kama unakamua, kamua kwanza.

Inachoshindwa ni mbung'o, yule ndorobo wa misituni. Kwa anayechunga upande wa Sikonge au Kaliua karibu na pori, amitrazi peke yake haitoshi. Hapo dawa za jamii ya sipamethrini zina kazi yake. Ila hizo zinaua nyuki na samaki vibaya sana, na Tabora ni mkoa wa asali. Mwenye mizinga karibu na zizi ana sababu nzuri ya kubaki na amitrazi kila inapowezekana, kwani kwa nyuki ni pole zaidi. Masalio usiyamwage karibu na bwawa wala kijito, iwe ni amitrazi au ya jamii ya sipamethrini.

Sasa punda. Amitrazi inasimamisha utumbo wake: chakula kinaganda, tumbo linavimba, na anaweza kufa. Hakuna kipimo kidogo salama kwake, hata matone ya kumrukia tu. Wanaofuga punda na ng'ombe zizi moja wamtoe kabla bomba halijajazwa, na asirudi mpaka ng'ombe wakauke.

Paka naye asiguswe nayo, na zile za sipamethrini ni mbaya zaidi kwake: anatetemeka na kufa. Mbwa mkubwa mwenye afya anaogeshwa kwa kipimo kile kile cha mililita 2 kwa lita, kwa sifongo, bila kusuuzwa, na azuiwe kujilamba mpaka akauke. Akisinziasinzia siku hiyo si ajabu; akishindwa kusimama, mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka. Watoto wa mbwa chini ya miezi minne na majike wenye mimba au wanaonyonyesha waachwe. Kwa viroboto ni kupoteza hela, haiwaui.

Mpuliziaji avae glavu na buti, asimame upande upepo unakotoka, na asivute sigara: kiyeyusho chake kinashika moto, na dawa ikipenya ngozini inalegeza mwili na kuleta usingizi. Chupa ikiisha itobolewe, isije ikageuzwa ya mafuta ya taa.