Kiyoyozi Nyegezi: bei ya kifaa na bei ya kukifunga

Kwa kuwa Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa ziwa hautupi kisogo, majirani hapa mtaani kwetu Nyegezi walinishangaa niliposema nataka kiyoyozi. Chumba cha mama, hata hivyo, hupigwa na jua la magharibi chini ya bati tupu, na jioni hakikaliki.

Kifaa chenyewe, cha BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) chenye inveta, yaani kinachopunguza au kuongeza kasi yake kulingana na joto, sina neno nacho. Malalamiko yangu ni juu ya ufungaji. Bei niliyotajiwa dukani ilihusu mita 3 tu za mabomba ya shaba, ilhali nyumba yetu ilidai mita 7, na kila mita iliyozidi ililipiwa kando, pamoja na waya, swichi na vyuma vya kushikilia mashine ya nje. Fundi wa kwanza alitaka kufungulia gesi bila kunyonya hewa kwenye mabomba. Nilimzuia, kwa sababu unyevu unaobaki humo huiharibu taratibu kompresa, yaani mashine inayosukuma gesi. Kesho yake alikuja mwenzake, kijana makini, akawasha pampu kwa nusu saa huku akitazama mshale wa geji, kisha akaelekeza bomba la maji yanayotoka kwenye kiyoyozi kwenye ndoo ambayo mama sasa humwagilia mchicha.

Muuzaji alinishawishi pia niongeze fedha nipate kifaa kinachogeuza mzunguko wa gesi ili kipashe nyumba joto. Kwa shemeji yangu aliyeko Canada hicho ni kitu cha lazima. Nyegezi, blanketi linatosha.