Kinu cha zamani cha mvuke: kuwasha boila au kufunga mota?

Kinu cha Sarehole, Birmingham, kilikuwa cha maji. Injini ya mvuke iliongezwa miaka ya 1850, kisikwame maji yanapopungua. Mwenye kinu kama hicho leo, akitaka mawe ya kusagia nafaka yazunguke tena, ana njia mbili: boila, yaani tangi la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke, au mota ya umeme.

Boila ndiyo yenye mvuto, na ndiyo yenye taabu. Kwanza ijazwe maji baridi na kupimwa kwa shinikizo mara moja na nusu ya lile la kazi. Usipime kwa hewa: bati likiachia, hulipuka. Moto upandishwe taratibu, kwa saa kadhaa. Ukiuharakisha, mabati hutanuka kwa kupishana na ribiti, yaani pini za chuma zinazoyashikanisha, huvuja. Maji ya chumvichumvi huacha ukoko, na chini yake bati huungua. Mkaguzi wa boila naye hakwepeki.

Mota ni swichi tu. Ila huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika, na jiwe la futi 4 hutaka 120 hivi, kwa hiyo weka puli za kupunguza mwendo. Jiwe likikimbia, unga hutoka wa moto. Ufikiche kwa kidole gumba chini ya mfereji unaomwaga unga, utajua.

Kwa kusaga kila siku, mota. Boila iachiwe siku za wageni.