Pomeranian kwenye joto la Tanga: mwaka na nusu na Chungwa

Sikumnunua. Binti yangu alihamishiwa kazi Dodoma, akaniachia mbwa, chanuo na karatasi ya maelekezo. Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu iko Ngamiani, na mbwa niliowajua tangu utotoni kule Muheza ni mbwa koko wa kulinda shamba. Huyu ni kiumbe kingine.

Ana kilo mbili na robo kwenye mizani ya daktari wa mifugo, na hapo keshakula. Rangi yake ni ya chungwa lililoiva, ndiyo maana ya jina. Uso wa mbweha, masikio madogo yaliyosimama, mkia umelala mgongoni. Mlowanishe maji uone: umbo lote linanywea, anabaki kijitu cha kuingia kwenye kapu la sokoni.

Asili yao ni Pomerania, pwani ya Bahari ya Baltiki, nchi ambayo leo iko Ujerumani na Polandi. Walikuwa wakubwa kuliko hawa; Malkia Victoria wa Uingereza alipowapenda wadogo, miaka ya 1880 mwishoni, wafugaji nao wakazidi kuwapunguza. Mwili ukapungua, koti la baridi likabaki.

Na hilo koti ndilo lililoniponza. Kwa lugha ya kazi yangu, lina bitana. Juu nywele ndefu zilizosimama, chini manyoya laini kama sufi ya mto. Februari mwaka jana joto lilipopamba moto, kila mpita njia ananiambia, "Mzee, mnyoe huyo, utamuua." Nikamwita kijana anayezunguka majumbani kunyoa mbwa. Akachukua elfu ishirini yangu, akapitisha mashine mpaka kwenye ngozi. Hakuuliza ni mbwa wa aina gani, nami sikujua la kumwambia. Kwake natoa nyota moja, na hiyo ni kwa kuwahi.

Bitana ikarudi, nywele za juu zikagoma. Mapajani alibaki na vipara, ngozi imeingia weusi, na jua ambalo zamani lilizuiwa na manyoya likawa linamchoma moja kwa moja. Daktari akaniambia aina hii inajulikana kwa hilo: wengine huota tena baada ya miezi mingi, wengine hawaoti sawasawa. Joto dawa yake ni kumtoa saa kumi na mbili asubuhi, mchana alale kwenye sakafu ya saruji, maji yasikauke kwenye bakuli. Manyoya ni ya kuchana tu, mara tatu kwa wiki, kuanzia kwenye shina. Ukichana juu juu anapendeza, kumbe nyuma ya masikio pameshikana kama uzi uliotoka kwenye bobini.

Tabia? Ana moyo wa simba na sauti ya filimbi. Muuza kahawa akigonganisha vikombe mtaa wa pili, huyu keshapanda kiti. Mbwa wa jirani, mara kumi yake, anamfuata kumtukana. Ila ni mwerevu. "Kaa" alijifunza kwa siku mbili, kwa vipande vya samaki. Ofisini simpeleki. Wateja wangu wa kanzu ni watu wa swala, na unyoya mmoja kwenye kanzu nyeupe ni kazi ya kufua upya.

Kamba ya shingoni niliiacha. Koo lao ni dhaifu, akivuta anakohoa kama bata bukini. Nimemshonea mkanda wa kifuani kwa mabaki ya jinzi, ndani nimetia flana. Meno nayo ni ya kupigwa mswaki, maana yamebanana kwenye kinywa kidogo. Kitunguu kwenye chakula chake ni marufuku, ni sumu kwa mbwa. Wali anapikiwa kando, na mke wangu ana maneno yake kuhusu hilo.

Chungwa mwenyewe nampa nyota nne. Paja la kulia limeshaota. La kushoto bado kuna kiraka upana wa kisahani cha kikombe, na kila Jumapili nakipima kwa futi kamba.