TAHADHARI: Anayeuza "eksosomu za ubongo" kwa wagonjwa wa Parkinson na Alzheimer

Ndugu zangu mnaouguza, someni hili kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anayeingia kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wenye wagonjwa wa Parkinson, Alzheimer na kiharusi. Anajiita mwakilishi wa kliniki ya tiba za seli. Anauza vichupa anavyodai vina eksosomu (vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli) "zilizoundwa kulenga ubongo", za kuwekwa kwenye dripu au kupuliziwa puani, na malipo anayataka yote mapema. Baba yangu mkubwa ana Parkinson, na muuzaji huyu akampigia simu moja kwa moja bila kupitia kwa yeyote kati yetu. Hapo ndipo nilipoanza kumfuatilia.

Mwenzetu mmoja alikuwa ameshanunua, nikamwomba anipigie picha kichupa pande zote. Mbele kuna mchoro wa ubongo na maandishi makubwa yanayojisifu kwa mabilioni ya chembe. Nyuma, kwa herufi ndogo ambazo ilibidi niikuze picha ndipo nizisome, imeandikwa kwamba ni kwa matumizi ya ngozi tu na isichomwe sindano. Namba ya toleo hakuna. Tarehe ya kuisha hakuna. Yaani ni kipodozi, na huyu mtu anamwelekeza mgonjwa akiingize kwenye mshipa.

Kinachowanasa watu wenye akili zao ni kwamba sayansi anayoisingizia ipo kweli. Seli za mwili hutoa vifuko vidogo mno, na eksosomu ni vile vyenye upana wa takriban nanomita 30 hadi 150. Vifuko hivi hubeba protini na RNA (molekuli za maelekezo ya seli) kutoka seli moja hadi nyingine. Ubongo nao una kizuizi kinachozuia dawa nyingi zilizomo kwenye damu zisiingie, kwa hiyo watafiti wakajiuliza kama vifuko hivyo vinaweza kufanywa vibebe dawa na kuivusha. Mwaka 2011 kikundi cha mtafiti Matthew Wood pale Chuo Kikuu cha Oxford kilitumia vifuko vya seli za panya, kikavibandika juu yake kipande cha protini ya kirusi cha kichaa cha mbwa kinachoshikana na seli za neva, ndani kikaweka RNA ya kunyamazisha BACE1, kimeng'enya kinachohusika na mabonge ya protini ya amiloidi yanayojikusanya ubongoni kwenye Alzheimer. Vilipochomwa kwenye mshipa, BACE1 ilishuka kwenye ubongo kwa takriban asilimia 60.

Ni kazi nzuri sana, na naiheshimu. Ndiyo makala ambayo muuzaji anawatumia watu, kazungushia neno Alzheimer kwa rangi nyekundu. Asichowaambia ni kwamba wale walikuwa panya, tena panya wazima ambao hawakuwa na Alzheimer. Kwa binadamu utafiti bado uko hatua za mwanzo. Shanghai, kwa mfano, walipulizia eksosomu puani kwa wagonjwa 9 wa Alzheimer, na swali lao kubwa lilikuwa kama ni salama. Huwezi kutoka hapo ukaruka hadi "baba atatembea".

Nilimuuliza maswali mawili: juu ya kifuko kuna nini kinachokipeleka kwenye ubongo, na ndani kimebeba dawa gani? La kwanza alinijibu kwa video ya mzee anatembea uwanjani. La pili akasema kimebeba "nguvu ya seli shina". Hilo si jibu. Vifuko vya kawaida visivyoundwa, ukivichoma kwenye mshipa, sehemu kubwa huishia kwenye ini, bandama na mapafu. Anayesema vyake vinakwenda ubongoni lazima aweze kueleza vinafikaje na alipimaje. Hata uhifadhi wake unatia shaka: maabara kwa kawaida huviweka kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na kuvigandisha na kuviyeyusha mara kwa mara huviharibu. Mwenzetu alipokea vyake kwenye mfuko wenye barafu iliyokwisha kuyeyuka.

Ukimbana atasema kliniki yake "imesajiliwa" ClinicalTrials.gov, tovuti ya Marekani ya kuorodhesha tafiti za tiba. Tovuti hiyo yenyewe inaonya kwamba utafiti kuorodheshwa pale hakumaanishi serikali imeukagua. Na ukiona unatakiwa kulipa pesa nyingi ili "ushiriki utafiti", simama hapo hapo. Uliza ni kamati gani ya maadili iliyoupitisha, na uombe fomu ya ridhaa uisome nyumbani kwa utulivu.

Msidhani hasara ni ya pesa tu. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wagonjwa jimboni Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizouzwa kama eksosomu, na ikasema wazi kwamba hakuna bidhaa hata moja ya aina hiyo iliyokuwa imeidhinisha.

Lakini lililonitetemesha ni hili. Alimwambia baba mkubwa aache levodopa, dawa yake ya Parkinson, kwanza "ili vifuko vifanye kazi vizuri". Jamani! Mgonjwa wa Parkinson akikatisha levodopa ghafla anaweza kukakamaa mwili mzima, akapandwa na homa kali, akachanganyikiwa, na anaweza kufa. Ikiwa mzee wenu ameshaambiwa hivyo, mpigieni daktari wake leo, msingoje kliniki ya wiki ijayo.

Kama ameshachomwa na ana homa, anatetemeka kwa baridi, au pale palipochomwa pamevimba na kuwa pekundu, mpelekeni hospitali na mwende na kichupa chenyewe, hata kama kimebaki kitupu, ili wajue wanashughulika na nini. Msikitupe. Hifadhini pia boksi, risiti ya malipo na jumbe zote, msifute hata zile za matusi, kisha mripoti kwa mamlaka ya dawa na polisi. Huyu anabadilisha namba na jina kila akifukuzwa kwenye kundi. Mtamtambua kwa ile video ya mzee uwanjani na kwa makala yenye duara jekundu.